Ukili au Rangi? Kumchagulia Shughuli ya Sanaa Mzee Anayesahau

Nyumbani kwetu Makorora, hapa Tanga mjini, tuna wazee wawili wanaosahau. Mama ana ugonjwa wa Alzheimer, aina mojawapo ya demensia, yaani kupotewa na kumbukumbu na uwezo wa kufikiri, mwaka wa nne sasa tangu daktari autaje kwa jina, ingawa sisi tulikwisha kuona mengi kabla ya hapo: mchuzi kutiwa chumvi mara tatu, funguo kukutwa ndani ya ndoo ya mchele. Mjomba, kaka yake, demensia yake ilikuja nyuma ya kiharusi. Mkono wa kulia umelala, na maneno yanamtoka moja moja kama watu wanaoshuka daladala iliyojaa. Wanakaa baraza moja na kunywa chai ya birika moja, lakini ukiwapa shughuli ya aina moja, mmoja atatulia na mwenzake ataisukuma chini ya benchi.

Ndiyo maana nikiulizwa "nimpe nini mzee wangu asishinde anatazama ukuta", sina jibu la neno moja. Nimejaribu ukili (ule ukanda unaosukwa kwa ukindu kisha ukashonwa mkeka), rangi za maji, taarab, kasida, hadithi, mashairi na hina. Vingine vimefaa, vingine vimenitia aibu mbele ya wageni. Zaidi nitalinganisha viwili, kwa kuwa ndivyo ninavyoulizwa sana: kusuka ukili, ambao wanawake wengi wa umri wa mama wa pwani hii waliujua kabla ya kuvunja ungo, na kuchora kwa rangi, ambako vijana wetu wamekuona kwenye video za ng'ambo na wanataka kukuleta barazani.

Tusidanganyane kwanza. Hakuna sanaa inayoponya demensia, na atakayekuuzia mkoba wa vifaa kwa ahadi hiyo mrudishie mkoba wake. Inachofanya sanaa ni kumpa mtu saa nzuri, na saa nzuri moja asubuhi huifanya adhuhuri iwe nyepesi kwake na kwako. Wala usikubali maneno ya uchawi. Shirika la Afya Duniani linahesabu zaidi ya watu milioni 55 wenye demensia duniani, na zaidi ya asilimia 60 kati yao wako katika nchi za kipato cha chini na cha kati kama yetu. Utafiti uliofanyika wilaya ya Hai, Kilimanjaro, ulikuta kwamba katika wazee wa miaka 70 na kuendelea, karibu 6 katika kila 100 wanayo. Sasa mtaa mzima ungekuwa umerogwa na nani?

Ukili

Ukindu, yaani majani ya mkindu ya kusukia, ukiwa mkavu haukubali kusukwa, unakatika. Unaunyunyizia maji, unaufunika kwa kitambaa hadi ulainike, ndipo unakaa kuusuka. Mimi si msukaji. Nilifundishwa nikiwa mdogo nikakimbilia shule, na ukili wangu hata leo unakwenda kama nyoka aliyepigwa. Siku ya kwanza nilianza mwenyewe kipande cha kama shubiri mbili, nikakiweka mapajani mwa mama bila kusema kitu. Asubuhi hiyo alikuwa ameniuliza mara tatu mimi ni mtoto wa nani.

Akapitisha kidole gumba ukingoni. Akasonya.

"Nani kasuka huu?"

"Mimi, mama."

"Hujakaza. Ukishona mkeka kwa ukili huu utapata jamvi la kuanikia mpunga. Fumua."

Akaniita kwa jina la dada yake aliyekufa, nikaitika. Akafumua mwenyewe, akalamba ncha ya kidole, akaanza upya. Tangu saa tatu hadi adhana ya adhuhuri hakuuliza habari za kwenda kwao.

Kuna sababu ya kitabibu. Kumbukumbu ya jana ulikula nini na nani alikuja inategemea sana sehemu ya ubongo iitwayo hipokampasi, na Alzheimer huanza kuishambulia hiyo mapema. Ujuzi wa mikono, yaani kusuka, kukuna nazi, kupiga ngoma, unatunzwa sehemu nyingine, ndani zaidi na upande wa nyuma, ambako ugonjwa huu hufika kwa kuchelewa. Ndiyo maana mtu asiyekumbuka kwamba jana alisuka anaweza leo kusuka kukuzidi wewe mwenye akili zako timamu.

Lakini usitegemee kila kitu. Kuanza ni shida, kwa hiyo naanza mimi. Kuhesabu miyaa, yaani vipande vya ukindu vya kusukia, kwa ajili ya urembo wa rangi mbili kulimshinda mapema. Nilipomletea ukindu mwekundu na mweupe, alishika mmoja mkono huu na mwingine mkono huu, akakaa hivyo mpaka nikaona haya. Tangu siku hiyo tunatumia ukindu mtupu usiotiwa rangi. Kushona mkeka nashona mimi, na shazia, ile sindano kubwa ya kushonea, nimeificha, pamoja na kisu cha kuchania. Siku akichoka kusuka, anachana ukindu kwa kucha tu, na hiyo nayo ni kazi.

Kosa langu kubwa nilifanya usiku. Ukili wake ulikuwa umeanza kuwa na matundu, sehemu nyingine mpana sehemu nyingine mwembamba, nami nikafumua kipande na kukinyoosha ili usiharibike. Kulipokucha akaushika, akapitisha kidole palepale, akauweka kando. "Huu si wangu." Hakusuka siku tatu. Matundu yake hayaoni, lakini mkono wangu aliuona. Sijafumua tena.

Mjomba? Nilimwekea ukindu akacheka. "Kazi ya wanawake hiyo." Kwa umri wake na kwa pwani hii, ana haki yake. Wanaume wa rika lake walisuka makuti na kamba za usumba, wavuvi walishona nyavu na kusuka dema. Yeye hakufanya hata kimoja. Yeye alipiga dumbaki, ile ngoma ya taarab.

Rangi

Nilinunua boksi la rangi za maji kwenye duka la vifaa vya shule, brashi mbili na karatasi nene. Kwa mama ilikuwa balaa. Aliuliza, "Nifanye nini?" Nikajibu, "Chochote unachopenda, mama." Nilidhani nampa uhuru. Kumbe kwa mtu ambaye uwezo wa kupanga umeondoka, "chochote" ni mlango usio na kitasa. Akachovya brashi kwenye kikombe cha chai, akakorogea sukari. Nikacheka, naye akacheka kidogo ili asibaki nyuma. Kisha akapita mtoto wa jirani wa darasa la pili, mkononi boksi kama lile lile, jekundu, lenye picha ya katuni. Mama akalitazama la mtoto, akatazama lake. "Mmenipeleka chekechea?" Akainuka.

Hapo nilitaka kuandika kwamba rangi ni mtindo wa wageni, waachiwe wenyewe. Mjomba ndiye aliyenizuia.

Kabla ya rangi nilikuwa nimemtafutia dumbaki ya kuazima. Ujanani alipiga kwenye kikundi cha taarab cha mtaani, enzi ambazo Black Star na Lucky Star za hapa Tanga zilikuwa zikisikika pwani nzima, na kila mtaa ulitaka kuwa na chake. Kwa kufuata mantiki ya ukili wa mama, dumbaki ilikuwa jibu. Akaipiga kwa mkono wa kushoto mara nne, tano. Mkono wa kulia ukajaribu kufuata, ukateleza. Akasikiliza ile sauti, nusu ya mdundo, akaisukuma dumbaki chini ya benchi kwa mguu. Siku hiyo hakula mchana.

Tofauti ya wazee wangu hawa ni kwamba mama haoni kosa lake na mjomba analiona. Alzheimer imemfichia mama matundu ya ukili wake. Kiharusi kilichukua mkono na maneno ya mjomba lakini kikamwachia sikio lake la zamani, na sikio hilo linamhukumu. Ufundi ambao yeye mwenyewe anajua aliwahi kuumudu ukawa sasa ndio unaomtesa.

Rangi hajawahi kuzishika maisha yake yote. Hana jana ya kuilinganisha na leo. Nilibandika karatasi mezani kwa utepe isimtoroke, nikampa brashi nene ya kupakia gundi, mkono wa kushoto. Sikusema "chochote". Nilichora msitari mmoja katikati ya karatasi nikasema, "Mjomba, hapa chini bahari." Akaijaza bahari. Dakika arobaini. Kesho yake akaongeza msitari wa kulala, nao ni ngalawa, au si ngalawa, sijamuuliza. Sasa anachora karibu kila siku, na karibu kila siku ni bahari.

Yuko mchoraji Mmarekani aliyeishi London, William Utermohlen, aliyeambiwa mwaka 1995 kuwa ana Alzheimer. Akaendelea kujichora uso wake kwa miaka kama mitano, na ukizipanga picha hizo unaona uso ukivunjika kidogo kidogo mpaka unabaki umbo tu. Alifariki 2007. Watu humtaja kama ushahidi kwamba wagonjwa wapewe rangi. Mimi namsoma tofauti. Huyu alikuwa mchoraji tangu ujana; brashi kwake ilikuwa kama ukindu kwa mama. Na alikuwa akiona kinachomtokea, akakichora. Si kila mtu ana kifua cha namna hiyo.

Lipo pia kundi dogo la watu wenye demensia inayoanzia sehemu za mbele na za pembeni za ubongo, ambao huanza kuchora kwa bidii ingawa hawakuwa wachoraji. Daktari Bruce Miller wa California ameandika habari zao tangu miaka ya 1990. Ukiona hilo kwa mzee wako usishangilie tu, mpeleke hospitali, maana mara nyingi huambatana na mabadiliko ya tabia: maneno ya aibu, kula bila kipimo, kukosa huruma. Mpe karatasi, na umpime pia.

Na jambo dogo kwa wanaoniambia "mletee rangi za Tingatinga, ni zetu". Ni zetu kweli. Edward Saidi Tingatinga alianza mwishoni mwa miaka ya 1960 Dar es Salaam, kwa rangi za mafuta za kupakia baiskeli juu ya ubao laini. Ndizo hizo usizompe mzee wako. Zinanuka, zinahitaji kusafishwa kwa mafuta ya taa au tina, na anaweza kuzitia mdomoni. Nunua za watoto za maji, soma kwenye boksi kama zimeandikwa hazina sumu, na mimina kwenye kisahani cha bati, siyo kikombe. Kikombe kitanywewa. Boksi lenye katuni litupe kabla hajaliona.

Vikikaa pamoja

Kwa matayarisho rangi zinashinda: maji, karatasi, basi. Ukindu unahitaji kununuliwa, kuchanwa, kulainishwa, na siku za mvua unaota ukungu ukiuacha umefunikwa. Kwa uchafu ukili unashinda mbali. Vipande vya ukindu unafagia, lakini kuna doa la kijani kwenye kanga ya mama mpaka leo.

Kwa muda, mama anasuka saa mbili na zaidi, mjomba anachora chini ya saa moja kisha analala. Ukili unarudiwarudiwa, hauulizi swali jipya kila dakika. Rangi zinauliza: sasa ipi? sasa wapi? Kwa hiyo kwenye rangi lazima ukae naye, walau mwanzoni. Kwenye ukili unaweza kuchambua mchele pembeni na kusikia unapoitwa. Kama nyumba yako ina mlezi mmoja na watoto watatu, hilo peke yake linaweza kukuamulia.

Kwa heshima, hapa watu hubishana nami. Ukili ni kazi ya mtu mzima. Mgeni akiingia akamkuta mama na ukili anasema "Shikamoo bibi, mkeka wa nani huo?" Akimkuta na brashi anamwambia "Hongera bibi, umechora vizuriii" kwa ile sauti ya kumsemesha mtoto mchanga. Sauti hiyo imewatoa wazee wengi barazani kuliko ugonjwa. Mjomba haimuudhi, mama ingemuua. Siku hizi wageni wa mjomba nawaambia mapema: usimsifu, muulize upepo gani huo, kaskazi au kusi. Anajibu. Anachukua muda, lakini anajibu, maana bahari anayoichora anaijua mwenyewe.

Kwa kumkutanisha na wajukuu, rangi zinavuta watoto haraka, na ndiyo hatari yake: watoto wanachora vizuri zaidi kwa dakika tano, mzee anaona. Kwenye ukili mtoto ndiye asiyejua. Anakosea, anaambiwa fumua. Kwa mzee ambaye siku nzima yeye ndiye anayesahihishwa, "mama, hiyo siyo chooni", "mama, umeshakula", kupata mtu wa kumsahihisha ni chakula.

Kwa pesa sitaki hata kulinganisha. Shangazi mmoja alishauri tuuze mikeka ya mama. Mkeka wenye bei una mteja, mteja ana malalamiko, na mama hahitaji bosi.

Nyimbo, hadithi, mashairi

Kama sanaa ya mikono haipo kabisa, au mikono imekataa, anza na nyimbo. Nyimbo ndizo zinazobaki muda mrefu kuliko karibu vyote, na hazihitaji kifaa. Chagua za ujana wake, siyo za zamani tu kwa ujumla. Watu wengi hukumbuka zaidi mambo ya kati ya miaka kumi na thelathini ya umri wao, kwa hiyo mtu aliyezaliwa 1945 mtafutie za miaka ya 1960 na mwanzo wa 1970. Kumwekea "zilipendwa" za kaka yake mdogo ni kumkosea kwa muongo mzima.

Kwa mama, taarab inamfanya atembetembe akitafuta mtu wa kumtuza, kama arusini. Kasida inamtuliza. Maulidi anayafuata kwa midomo hata siku ambazo sentensi ya kuomba maji haiji. Kwa hiyo asubuhi taarab, na jua linapoanza kushuka, ile saa ambayo wengi wao huingiwa na wahaka na kutaka "kwenda nyumbani" wakiwa nyumbani, kasida kwa sauti ya mtu, siyo ya redio. Redio ina matangazo. Mtangazaji akiingia na sauti yake ya mnada, kazi yote imeharibika. Na jihadhari: wimbo mmoja ulichezwa sana mwaka aliofiwa na mtoto, nao ulimliza siku nzima bila kujua analia nini.

Hadithi na vitendawili huonekana ndugu, lakini kwa mzee anayesahau ni mbali kama Tanga na Tunduru. Kitendawili ni mtihani. "Kitendawili!" "Tega!" Hapo vizuri, jibu linaruka lenyewe. Lakini ukishatega, anatakiwa ajue, na akishindwa anatakiwa atoe mji mbele ya wajukuu. Nimeona macho ya mama yakitafuta mlango. Hadithi haina mtihani. "Paukwa!" "Pakawa!" Hilo halijawahi kumpotea, na baada ya hapo yeye ndiye mwenye chombo. Sungura akiingia kwenye behewa la treni ya Moshi, mwache apande. Marekani, tangu miaka ya 1990, Anne Basting aliwafundisha walezi njia inayofanana: onyesha picha, uliza maswali yasiyo na jibu sahihi, andika kila linalosemwa, lisome kwa sauti. Sisi tunatumia picha ya bandari. "Huyu anamsubiri nani?" huzaa hadithi. "Huyu ni nani?" huzaa ukimya.

Mashairi nayaweka pekee, na kwa Tanga ni lazima. Mkoa huu ndio aliozaliwa Shaaban Robert, mwaka 1909, kijijini Vibambani, na wazee wengi waliosoma shule za hapa walikaririshwa mashairi kwa fimbo. Shairi la mizani 16 kila mshororo limekatwa katikati, nane kwa nane, na vina vinaita vina. Kwa hiyo unasoma ukwapi, nusu ya kwanza, unanyamaza, mzee anamalizia utao, nusu ya pili. Jirani yetu, mwalimu mstaafu, hamtambui mkewe lakini utao haumpiti. Na akikosea neno akatia lake lenye kina sawa, usimrekebishe; hiyo ndiyo sanaa yenyewe. Kwa asiyesoma au aliyechukia shule, mashairi acha.

Vingine kwa haraka

Hina kwa wanawake ambao mikono haiwezi tena kitu: wanapakwa, wananusa, wanatoa amri. Harufu yake peke yake imemfanya mama aulize "arusi ya nani?" Tumia hina ya majani, piko iache, ina kemikali inayochoma ngozi, na ngozi ya mzee ni nyembamba. Kofia za kushona ni kazi nzuri kwa mwenye demensia changa, lakini sindano na macho hafifu havipatani kwa muda mrefu. Udongo wa kufinyanga tulijaribu mara moja. Ukaliwa.

Kabla hujanunua chochote

Angalia macho. Mtoto wa jicho unaweza kukufanya udhani mtu ameshindwa ukili kumbe hauoni. Angalia masikio, nta tu inaweza kumfanya mtu aonekane hasikii nyimbo. Kama kuna demensia ya aina ya Lewy, ambayo mtu huona vitu visivyokuwepo, usimtandikie kanga yenye maua chini ya kazi yake, maua yanaweza kugeuka wadudu. Tandika kitu cha rangi moja. Na kama amechanganyikiwa ghafla, jana alikuwa anasuka na leo hajui mkono wake, hiyo si sanaa wala demensia kuongezeka. Pengine ni malaria, mkojo mchafu, au mapafu. Hospitali siku hiyohiyo.

Ukiwa na muda na watu wengine wenye wazee, kusanyikeni. Uingereza wana mpango wa vikao vya kuchangamsha akili kwa vikundi, vikao 14, mara mbili kwa wiki kwa wiki 7, vyenye nyimbo, michezo, habari za utotoni na kazi za ubunifu. Umejaribiwa pia Hai, kwa Kiswahili na kwa mambo ya hapa nyumbani, na wazee walioshiriki walionyesha nafuu katika kufikiri. Hauhitaji jengo, unahitaji baraza na mtu asiye na haraka.

Sasa, ukinibana uchague vipi, nitakuuliza swali moja kabla ya mengine: mzee wako akikosea, anaona? Kama haoni, mrudishie kazi ya mikono yake ya zamani, na ufunge mdomo kuhusu matundu. Kama anaona na inamuuma, mpe kitu asichowahi kukijua, rangi ikiwemo, ambako hakuna jana ya kumsuta. Kama hujui, au ndio kwanza umehamia kwake, imba naye wiki nzima huku unamtazama mikono. Mikono itakwambia. Mama alikuwa akisuka pindo la kanga yake miezi mingi kabla sijaelewa alikuwa anaomba nini.

Na jibu hilo halidumu. Mama anaanza kuuacha ukili. Siku nyingine anaushika tu, anaupitisha vidoleni kama tasbihi. Kwa hiyo mwezi uliopita nilizichukua kili zake zote, pamoja na zile pana na zenye matundu, nikashona mkeka mdogo. Umepinda, ukiutandika, kona moja inainuka. Nikautandika barazani, na mjomba, ambaye meza yake ilikuwa imeliwa mguu na mchwa, akakaa juu yake kuchora. Buluu ikamwagika.

Mama alitoka ndani akasimama mlangoni. Asubuhi hiyo hakuwa amesema neno.

"Nani kachafua mkeka wangu?"

Mjomba akainua mkono wa kushoto, brashi bado inadondoka.